Muamala na kufuli: kwa nini magunia 40 ya sukari yalipotea bila kuibwa

Mwisho wa mwezi kompyuta ilidai depo ya Birere ina magunia 40 ya sukari zaidi ya yale yaliyopangwa ukutani. Mama mwenye depo alihesabu mara tatu, kwa kidole. Kisha akamgeukia kijana anayelala pale na funguo. Mimi niliitwa kwa sababu programu niliiandika mimi. Nilikaa juu ya gunia, kompyuta magotini, na nusu saa haikuisha kabla sijaona kwamba kijana hakuchukua kitu. Magunia yale yalipakiwa kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, wiki mbili nyuma, yakapelekwa duka la Katindo na kufika yote. Programu yangu iliandika safari hiyo kwa hatua mbili: ongeza 40 Katindo, halafu punguza 40 Birere. Ilipomaliza hatua ya kwanza, umeme ukakatika.

Hapa Goma, ukisimulia kisa kama hiki, mtu atakushauri ununue betri ya dharura. Nunua, ni kitu kizuri. Lakini betri nayo huisha, kompyuta huganda, mtoto hujikwaa kwenye waya, programu yenyewe huanguka mchana kweupe umeme ukiwepo. Kosa lilikuwa langu: sikuiambia kanzidata, yaani ile hazina ambamo programu inaweka hesabu zake, kwamba hatua zile mbili ni jambo moja.

Kuiambia hivyo ndiko kufungua muamala. Muamala ni fungu la mabadiliko ambalo ama huingia lote, ama haliingii hata kidogo. Unatoa amri ya BEGIN, unafanya mabadiliko yako, unafunga kwa COMMIT. Ukighairi njiani unasema ROLLBACK, na kila kitu kinabaki kama kilivyokuwa. Mashine ikizimika kabla ya COMMIT, inahesabiwa kwamba umeghairi.

Mmarekani Jim Gray, aliyepewa tuzo ya Turing, ile kubwa ya sayansi ya kompyuta, mwaka 1998 kwa kazi hii, aliandika mwaka 1981 kwamba wazo lenyewe limetoka kwenye sheria ya mikataba. Na ukitazama soko la Virunga utaona alichomaanisha. Mnapopatana bei ya kitenge, unaweza kukikunja na kukirudisha mezani mara kumi, hakuna aliyefungwa. Ukishalipa na kuondoka, mambo yamekwisha. Ukitaka kukirudisha kesho, hayo ni mapatano mapya, yanayosahihisha ya kwanza bila kuyafuta. Muamala uliofungwa kwa COMMIT nao haufutwi. Unaandika mwingine wa kuusahihisha.

Sasa, mashine iliyozimika ghafla ikiwaka tena, inajuaje kipi kilikamilika na kipi kilikatikia njiani? Inajua kwa sababu ina kaye, yaani daftari. Mama yule anayo yake ya mistari, imechakaa pembe, na hakuna gunia linaloinuliwa kabla hajaandika. Kanzidata hufanya vivyo hivyo: kabla ya kugusa hesabu zenyewe, huandika kwenye daftari la kumbukumbu kile inachokwenda kufanya. Ukisema COMMIT, huhakikisha mistari hiyo imefika kwenye diski, ndipo inakujibu kwamba tayari. Kurasa zenye hesabu zenyewe zinaweza kuandikwa baadaye, hata dakika kadhaa mbele. Umeme ukirudi, inafungua daftari, inaanzia mahali pa mwisho ilipojua kila kitu kiko sawa, na kusoma. Muamala wenye alama ya COMMIT inaurudia kama haukufika kwenye kurasa. Usio na alama hiyo haukubaliwi, na mabaki yake hayahesabiwi.

PostgreSQL, mojawapo ya programu za kanzidata, ilipata daftari la namna hii katika toleo la 7.1, mwaka 2001. Kwa MySQL, programu nyingine ya kanzidata, kuna mtego ambao umewaumiza wengi. Mpaka toleo la 5.5 la mwaka 2010, majedwali yaliyotengenezwa bila maelekezo mengine yalikuwa ya aina ya MyISAM. MyISAM inapokea BEGIN na COMMIT kwa adabu zote, haikulalamikii, na huku kila amri inaingia papo hapo kana kwamba hukusema lolote. Ukirithi mfumo wa zamani wa duka au wa shule, anza kwa kutazama majedwali ni ya aina gani. Aina unayotaka ni InnoDB, inayoheshimu muamala. Tazama na diski pia: kuna za bei rahisi zinazojibu kwamba zimeandika, kumbe data bado iko kwenye kumbukumbu yao ya muda.

Daftari hilo linalinda dhidi ya kuzimika. Halilindi dhidi ya mikono miwili inayoandika pamoja, na hapo ndipo linapoingia kufuli: mmoja anaushika mstari wa hesabu, mwingine anayetaka kuubadilisha anangoja.

Chukua saruji. Zimebaki mifuko 12. Muuzaji wa Birere anafungua skrini, anaona 12. Mwenzake wa Katindo, anayeuza kutoka depo hiyohiyo kwa simu, naye anaona 12. Kila mmoja anauza 10, na programu ya kila mmoja inapiga hesabu: 12 kutoa 10 ni 2. Wa kwanza anaandika 2. Wa pili anaandika 2. Zimeuzwa 20 kati ya 12, na kanzidata imetulia, inasema bado mbili. Umeme haukukatika hata sekunde.

Wengi hudhani BEGIN na COMMIT peke yake zinazuia hili. Hazizuii. Katika hali ambayo PostgreSQL huja nayo, miamala miwili inaweza kusoma 12 ileile na kila mmoja ukaandika 2 yake bila kosa lolote kuonekana. Inabidi uombe kufuli waziwazi: unaposoma ule mstari wa saruji, ongeza FOR UPDATE mwishoni mwa SELECT, yaani amri ya kusoma. Wa kwanza akiushika, wa pili anayeomba vilevile husubiri mpaka mwenzake afunge muamala, ndipo anasoma, naye anakuta 2. Anayetaka kutazama tu bila kubadilisha hasubiri. Anaonyeshwa hesabu ya zamani iliyokwisha kukubaliwa. Mara nyingi njia nyepesi inatosha: usiisome hesabu kwanza, toa amri moja inayosema punguza 10 kama zilizopo si pungufu ya 10. Amri hiyo hujifungia mstari yenyewe, na kama mifuko haitoshi, inarudi ikisema hakuna mstari uliobadilika. Mimi hutumia hii kila ninapoweza.

Kufuli lina ugonjwa wake. Tuseme mmoja anahamisha bidhaa kutoka Birere kwenda Katindo, na saa hiyohiyo mwingine anahamisha bidhaa ileile kutoka Katindo kwenda Birere. Wa kwanza amefunga mstari wa Birere na anaomba wa Katindo. Wa pili ameshika wa Katindo na anaomba wa Birere. Wakiachwa, watangojana mpaka kiama. PostgreSQL, kufuli likisubiriwa sekunde 1, huchunguza kama kuna mkwamo wa aina hii, na ikiukuta inauvunja muamala mmoja ili mwingine upite. Aliyevunjiwa haonewi, programu yake inapaswa kuanza upya, na nyingi haziandikwi hivyo. Kinga ni rahisi kuliko tiba: fungeni mistari kwa mpangilio mmoja daima, kwa mfano depo yenye namba ndogo kwanza, popote bidhaa inapoelekea.

Ugonjwa wa pili ni kushikilia kufuli huku unangoja mtu. Niliwahi kukuta programu iliyofungua muamala, ikafunga mstari wa bidhaa, kisha ikaomba malipo ya simu kwa mteja. Mteja anatafuta simu mfukoni, mtandao unazunguka, namba ya siri anaikosea. Muda wote huo kila anayetaka kuuza bidhaa ile amesimama, na foleni inafika nje.

Tena malipo ya simu hayamo ndani ya muamala wako, hata ukiyaandika katikati ya BEGIN na COMMIT. ROLLBACK hairudishi dola iliyokwisha kuondoka kwenye simu ya mtu, haimezi ujumbe uliotumwa, haifuti karatasi ya risiti iliyokwisha kutoka. Kwa hiyo gawanya kazi. Muamala wa kwanza, mfupi: tenga mifuko, andika mauzo kwa namba yake ya pekee, hali yake ni "inangoja malipo", COMMIT. Kisha omba malipo, nje ya kufuli lolote, ukitaja namba ileile. Jibu likija, muamala wa pili hubadilisha hali kuwa "imelipwa", au huirudisha mifuko. Umeme ukikatika kati ya miwili hiyo, kuna mstari umebaki unangoja, na asubuhi programu inauulizia kwa namba yake kabla ya kudai tena. Bila namba hiyo, mteja atalipishwa mara mbili, na huyo hatakuja kukuuliza habari za kanzidata.

Kuhusu sukari, programu ilihitaji mistari miwili tu: BEGIN juu ya zile hatua, COMMIT chini yake. Hesabu ya zamani sikuifuta. Niliingiza mstari mpya unaopunguza 40 Birere, na sababu yake pembeni. Mama naye alifungua kaye akaandika hivyohivyo kwa bic nyekundu. Kijana alinunuliwa soda, radhi sikuisikia.