Baiskeli kwenye njia ya Ridgeway: tairi lipite wapi na lisipite wapi

Swali tunaloulizwa sana kazini, sisi watu wa mambo ya kale, hasa jua la mwezi wa tano likianza kutoka na watu wakatoa baiskeli zao stoo, ni hili: kilima kinachopitiwa na Ridgeway, ile njia ndefu ya kale ya kusini mwa England, kiko wazi kabisa, hakina uzio, watu wanatembea na mbwa wao kila upande, sasa mbona mtu wa baiskeli anaambiwa ashuke? Na ndugu zetu wengi mnaoishi Uingereza mnauliza hivohivo, maana nyumbani tumekua tukipita na baiskeli popote pale mguu unapopita, shambani, pembezoni mwa mto, hakuna aliyekuja kukuuliza njia hii ni ya nani.

Jibu ni kwamba England "ardhi wazi" iko wazi kwa miguu. Ile sheria ya mwaka 2000 iliyofungua milima, nyika na hivi vilima vya chaki (mwamba mweupe laini) kwa watu wote imetoa haki ya kutembea, basi, baiskeli haimo na farasi hayumo. Haki ya mwenye baiskeli haitoki kwenye kilima, inatoka kwenye njia yenyewe, na hiyo ilianza na sheria ya 1968 iliyoruhusu baiskeli kwenye njia za farasi kwa sharti moja, kwamba mwenye baiskeli ndiye anayempisha mtembea kwa miguu na mpanda farasi, sio wao wampishe yeye. (Scotland wana sheria yao ya 2003 ambayo ni huru zaidi, msichanganye hizo mbili.)

Kwa hiyo kabla ya yote jifunze kusoma mishale kwenye vibao. Wa njano ni njia ya miguu, huna haki ya kuendesha hapo. Wa bluu ni njia ya farasi, baiskeli ruksa. Wa zambarau na mwekundu pia ruksa, ila kwenye mwekundu unaweza kukutana na pikipiki na magari. Na kibao chenye picha ya tunda la mwaloni kinakwambia tu kwamba uko kwenye njia ya kitaifa, hakikwambii kama baiskeli inaruhusiwa, watu wengi wanakosea hapo.

Sasa njoo kwenye Ridgeway yenyewe, maana ndiyo njia ninayopenda kumpeleka mtu anayetaka baiskeli na historia kwa pamoja. Yote ina urefu wa kilomita 139 hivi, inaanzia Overton Hill karibu na duara la mawe ya kale la Avebury mpaka kilima cha Ivinghoe Beacon, na nusu ya magharibi, kutoka Overton Hill mpaka Streatley kwenye mto Thames, kama kilomita 70 hivi, yote inaruhusu baiskeli. Unapita mgongoni mwa vilima, upepo mtupu, mashamba ya ngano chini yako, vijiji vyote viko bondeni. Na kuna sababu vijiji viko bondeni: chaki inanyonya mvua yote na kuishusha chini, maji yanakuja kutokea kwenye chemchemi miguuni mwa kilima, kwa hiyo huko juu hakuna mito wala visima vya kukutana navyo njiani. Beba maji ya kutosha. Ukiishiwa itabidi ushuke kijijini alafu upande tena, na vile vilima si vya mchezo.

Chaki hii ni maganda ya viumbe vidogo sana vya baharini vilivyojilundika enzi za dinosaria, na katikati yake mna gumegume, yale mawe yaliyokuwa yanatoa cheche kwenye bunduki za zamani. Gumegume likivunjika linakata tairi vibaya, pancha za huko ni za kuchanika kabisa sio za msumari, kwahiyo tairi nene, kiraka cha ndani na tyubu ya akiba visikose kwenye begi. Chaki ikilowa nayo inateleza kama sabuni, breki unaikamata na baiskeli bado inakwenda tu, na lile tope jeupe linajaza gia mpaka cheni inakataa. Na wewe ukiteleza ujue udongo nao unaumia, kwa sababu juu ya chaki udongo ni mwembamba sana, sentimita chache, tairi likichana nyasi mvua inayofuata inabeba kilichobaki. Kwenye mita moja ya mraba ya nyasi za zamani za chaki unaweza kukuta aina hadi 40 za mimea, hiyo haioti tena kwa msimu mmoja wala miwili. Mvua ikiwa imepiga siku kadhaa mfululizo mimi nashauri uahirishe, kwa kweli.

Hili ndilo linalotuuma zaidi sisi watu wa mambo ya kale, kwamba yale matuta yanayoonekana matamu kurukia na baiskeli mengi ni kazi ya mikono ya watu. Pale Barbury Castle njia inapita katikati ya ngome ya enzi ya chuma, unaingia upande mmoja unatokea mwingine, na yale matuta mawili makubwa yanayoizunguka yalichimbwa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Ukipita kwenye njia hakuna shida yoyote. Ukipanda tuta na kushuka nalo, wewe na wenzako wikiendi baada ya wikiendi, mnafungua mfereji, maji yanaingia, sungura wanamalizia. Sheria ya 1979 inalinda mabaki ya kale kama haya na kuyaharibu kwa makusudi au kwa kutojali ni kosa la jinai, lakini mimi ningependa mtu aache kwa kujua anachokikanyaga.

Mfano Wayland's Smithy, kaburi la mawe lililo hatua chache tu kutoka njiani chini ya miti mirefu. Lina zaidi ya miaka 5,400. Chini yake kuna kaburi jingine la zamani zaidi ambamo wachimbaji wa miaka ya 1960 walikuta mabaki ya watu 14, mmoja wao mtoto. Wenyeji wana hadithi kwamba ukimwacha farasi wako hapo na sarafu, mhunzi Wayland anamvisha viatu vya chuma usiku. Baiskeli iache nje ya geti, ingia kwa miguu, kaa kidogo.

Mbele kidogo ndio White Horse wa Uffington, farasi wa chaki mwenye urefu wa mita 110 hivi aliyechorwa mlimani karibu miaka 3,000 iliyopita. Toka njiani humuoni, yuko upande wa kaskazini wa mteremko, itabidi uache baiskeli na utembee. Hakuchorwa kwa kukwangua nyasi tu, walichimba mitaro wakashindilia chaki ndani, na mpaka leo watu wa kujitolea wanakwenda na nyundo kupiga chaki mpya, wakiacha majani yanammeza. Usimkanyage.

Maeneo ya kijiji cha Lambourn utakutana na farasi wa mashindano, wengi sana. Punguza mwendo mapema, sema hata habari za asubuhi kwa sauti ya kawaida ili farasi ajue wewe ni mtu, pita kwa mbali. Usipige kengele ghafla mgongoni mwake.

Kuhusu baiskeli za umeme: yenye mota ya wati 250, inayosaidia wakati unapiga pedali tu na kukata msaada kwenye kilomita 25 kwa saa, inahesabiwa baiskeli ya kawaida. Yenye nguvu kuliko hiyo kisheria ni pikipiki, kwenye mshale wa bluu haina nafasi.

Ukifika Streatley ukavuka daraja la Thames kuingia Goring, mambo yanabadilika, huko mashariki vipande vingi ni vya mshale wa njano. Kwa siku moja au mbili za baiskeli ishia hapo, stesheni ya treni iko karibu na daraja, ila angalia mapema utaratibu wa kupakia baiskeli.