Zubian: omo ya Zulu, tezi ya Nubian

Mwaka juzi tulipandisha chelezoni, mahali pa kutengenezea meli, tagi (meli ndogo ya kuvuta nyingine) iliyogonga gati ikakunjika omo, yaani sehemu ya mbele. Mwenyewe alikuwa amepata kipande cha omo kutoka kwa pacha wake, tagi nyingine iliyoundwa kwa michoro ileile, ambayo ilikuwa ikikatwa vyuma chakavu. Kazi ilionekana rahisi: toa kibovu, weka kizima. Tulipokisogeza mahali pake, upande wa kulia kilikaa kama kimezaliwa hapo. Upande wa kushoto kikapitiliza milimita 14. Tazama kidole chako cha mwisho, ni kama upana huo. Siku tisa zilitupita tukihangaika na upana wa kidole kimoja.

Ndiyo maana nikiisoma habari ya HMS Zubian jicho langu hukimbilia tarakimu moja kabla ya nyingine zote. Mafundi wa chelezo ya Chatham, kule Uingereza, walichukua nusu ya mbele ya manowari moja na nusu ya nyuma ya nyingine wakaziunga zikawa chombo kimoja kilichorudi vitani, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Nusu hizo zilipishana upana kwa milimita 89. Wengi huisimulia habari hii kama kiroja cha vita. Kwangu mimi ni kazi ya ufundi iliyofanywa vizuri sana na watu ambao hakuna aliyeandika majina yao, na ningependa uione kama wao walivyoiona.

Tuanze na hiyo 89 ilikotoka.

Manowari hizo mbili, Zulu na Nubian, zilikuwa za ukoo mmoja wa destroya 12 zilizoagizwa kati ya 1905 na 1908. Destroya ni manowari ndogo, nyembamba na yenye mbio, iliyobuniwa miaka ya 1890 kuwinda mashua za topido (bomu linalojiendesha majini), kisha yenyewe ikabeba topido na kufanya kila kazi ambayo meli kubwa haziwezi kutumwa. Mkuu wa jeshi la majini la Uingereza wakati huo, Amirali John Fisher, alidai mambo mawili: mwendo wa maili 33 za baharini kwa saa, yaani kama kilomita 61, na tanuri zinazochoma mafuta badala ya makaa. Namna ya kufika huko waliachiwa wenye karakana. Kila karakana ikachora umbo lake, idadi yake ya dohani, upana wake. Nubian iliundwa na Thornycroft huko Woolston, Southampton, kusini. Ikashushwa majini Aprili 1909. Zulu iliundwa na Hawthorn Leslie huko Hebburn, kando ya mto Tyne, kaskazini. Ikashushwa Septemba mwaka huohuo. Kwenye orodha ya jeshi walikuwa ndugu. Kwa fundi anayepima kwa futi mkononi, hawakuwa hata binamu.

Majina yao yalitolewa kwa mataifa na makabila: Zulu, Maori, Afridi, Mohawk, Cossack, Ghurka. Baadhi yao Waingereza walipigana nao, wengine waliwaandikisha wawapiganie. Isandlwana, mahali Wazulu walipolivunja jeshi la Kiingereza, ilikuwa bado haijatimiza miaka 30 nusu ya kwanza ya ukoo huu ilipoagizwa. Na Wanubi wa Kibra, Nairobi, au wa Bombo, Uganda, hawahitaji kuelezwa na mimi jina hilo lilivyotumika katika majeshi ya mfalme. Sisi wenyewe neno manowari tulilipokea kutoka kwa mabaharia hao hao.

Kama meli, nasema wazi kwamba ukoo huu haukuwa mzuri. Mbio zilipatikana kwa kupunguza uzito kila mahali, kwa hiyo magamba, yaani mabamba ya ubavuni, yalikuwa mepesi, na kiu ya mafuta ilikuwa ya kutisha. Afridi na Amazon ziliwahi kuteketeza tani 9 na nusu kila moja kwa safari ya maili tatu tu, kwenda ghala la mafuta na kurudi. Chombo cha namna hiyo hukitumi Atlantiki. Kilichofaa ni kukiweka karibu na nyumbani, na vita vilipoanza 1914 vikawekwa Dover, mahali ambapo Uingereza na Ufaransa zinatazamana kwa umbali wa kilomita 34 hivi. Kazi ilikuwa kuulinda mlango ule wa bahari, ambamo askari wengi waliokwenda Ufaransa na chakula chao walipita.

Usiku wa tarehe 26 kuamkia 27 Oktoba 1916, destroya za Wajerumani zilitoka bandari za Ubelgiji zikaingia humo gizani. Mlango ulikuwa umetandazwa nyavu za chuma dhidi ya nyambizi, na nyavu hizo zililindwa na mashua za uvuvi zilizokuwa na bunduki kidogo tu. Destroya kuukuu iliyoitwa Flirt ilipishana na msururu wa meli, ikauliza kwa ishara ya taa ni nani. Jibu lililorudi lilikuwa ishara ileile iliyotuma. Nahodha akadhani ni wenzake, akaendelea. Muda si mrefu akasikia mizinga, akarudi, akakuta mashua za wavuvi zimevunjwa na watu wamo majini. Akashusha mashua kuwaokoa. Wajerumani wakamkuta hapo akiwa karibu amesimama. Katika mabaharia wa Flirt walionusurika ni wale tu waliokuwa wameshuka na ile mashua.

Kutoka Dover zikatumwa destroya sita za ukoo wetu. Zilitoka bandarini kwa haraka na kwa kutawanyika, na hilo ndilo lililowaponza, kwa sababu kila moja ilikutana na adui kwa wakati wake. Nubian ilifika mbele peke yake. Topido ikaipiga omo. Ilipofungwa kamba ivutwe nyumbani, bahari ilichafuka, kamba ikakatika, chombo kikatupwa ufukweni karibu na South Foreland. Asubuhi kilichoonekana ni destroya isiyo na uso. Lakini nyuma huko mitambo ilikuwa mizima.

Siku kumi na mbili baadaye, tarehe 8 Novemba, Zulu iligonga bomu la kutegwa majini. Safari hii mlipuko ulitokea chini ya chumba cha mitambo. Sehemu ya nyuma ikaharibika kabisa, ya mbele ikaendelea kuelea. Destroya ya Kifaransa, Obusier, ikaiburuta hadi Calais.

Sasa fikiria kama fundi aliyeletewa majeruhi hawa wawili. Mmoja ana moyo na hana kichwa. Mwingine ana kichwa na moyo umekwisha. Katika destroya ya wakati ule gharama kubwa na miezi mingi viko kwenye mitambo: maboila, tabaini za mvuke, ekseli tatu na rafadha zake. Omo ni magamba, mataruma (mbavu za meli), mzinga wa inchi 4, vyumba vya kulala mabaharia. Mtu angeweza kuuliza, basi kwa nini wasimuundie Nubian omo mpya? Wangeweza. Meli nyingi zilitengenezewa omo mpya katika vita ile. Ila omo mpya inataka chuma kipya, na watu wa kuunda ambao wangekuwa wanaunda destroya mpya, ilhali ya Zulu ilikuwepo tayari, na silaha zake juu. Halafu Februari 1917 nyambizi za Ujerumani zikaanza kuzamisha meli yoyote bila onyo, na Aprili peke yake zikapotea zaidi ya tani 800,000 za meli. Wakati huo kila destroya, hata mbaya, ilikuwa lulu.

Nusu zote mbili zikafikishwa Chatham, kando ya mto Medway.

Kazi ya namna hii haianzi kwa kuunga, inaanza kwa kukata. Mlipuko huharibu mbali kuliko jicho linavyoona. Bamba linaweza kuonekana zuri kwa rangi yake na huku limejipinda, na ribiti zake, misumari inayoshikanisha mabamba, zimelegea moja baada ya nyingine. Unagonga kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Ribiti nzima inalia kwa sauti kali, iliyolegea inatoa mlio mzito, wa kifua chenye mafua. Unarudi nyuma ukigonga hadi unapofika penye sauti safi, na hapo ndipo unapopiga mstari. Ukikata mapema kwa uchu wa kuokoa chuma, utaunga kizima na kigonjwa, na bahari itakufunulia.

Kisha ndiyo unafika kwenye zile milimita 89. Gawa kwa mbili, kila ubavu una milimita 44 na nusu za ziada upande mmoja wa kiungo. Ukiunga papo kwa papo unapata ngazi ubavuni, na kwa chombo kinachokwenda kilomita 60 kwa saa ngazi hiyo itakula mbio na itakusanya nguvu zote za maji mahali pamoja hadi bamba lipasuke. Kinachofanyika ni kuitawanya tofauti. Ukiisambaza kwenye urefu wa mita tatu, kwa mfano, kila mita inabeba milimita 15 tu, na macho hayaoni. Lakini kila taruma lililomo ndani ya hizo mita tatu lazima lipindwe upya kwa kipimo chake lenyewe, na hakuna bamba litakalofanana na jirani yake. Tena ni zama za ribiti: matundu ya Hebburn hayakutobolewa yakutane na matundu ya Woolston. Staha nazo zikutane, mkuku (uti wa mgongo wa meli) unyooke, na kila bomba, waya na fimbo inayovuka kiungo ipate pa kupita. Nilipokuwa na milimita 14 zangu na mashine ya kuchomelea, nilikuwa nikiwafikiria watu hao na nyundo zao.

Kitu kimoja kiliwasaidia. Chombo kirefu chembamba kikibebwa na wimbi katikati, omo na tezi, yaani mbele na nyuma, huinama. Wimbi likishika ncha zote mbili, tumbo ndilo linaloshuka. Kupinda huko kunakuwa kukali zaidi katikati. Kadiri kiungo kinavyokaa mbele, mbali na tumbo la meli, ndivyo kinavyopumzika na adhabu hiyo.

Wazee wetu wa majahazi husema nenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, na kwa fundi wa meli hilo ni agizo la kazi. Kiungo kikikamilika na chombo kikishushwa majini, hushangilii. Unachukua taa unateremka ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, unapapasa kwa mkono mahali pa kuungia, unasubiri. Kama mkono unarudi mkavu, sasa unaweza kupanda juu.

Jeshi likakiita chombo hicho Zubian. Jina hili nalipenda kwa sababu limeungwa kama meli yenyewe: mbele Zu ya Zulu, nyuma bian ya Nubian. Tarehe 7 Juni 1917 kikaanza kazi, miezi saba tangu Zulu ilipolipuka, na kikarudi Dover kulekule kulikokivunja.

Hakikuwekwa kama maonyesho. Februari 1918 kilishambulia nyambizi kwa mabomu ya kina, na kikahesabiwa kuwa kimeizamisha UC-50. Natumia neno kilihesabiwa kwa makusudi, kwa kuwa katika vita vya nyambizi ushahidi mara nyingi ulikuwa doa la mafuta juu ya maji na kimya, na nyambizi ikitoweka safarini haimwambii mtu ni wapi. Usiku wa 22 kuamkia 23 Aprili 1918, Waingereza walipojaribu kuziba bandari za Zeebrugge na Ostend kwa kuzamisha meli kuukuu milangoni, Zubian ilikuwa upande wa Ostend, ikizilinda meli za mizinga mikubwa zilizokuwa zikipiga nchi kavu. Huko Ostend mpango ulishindikana. Wajerumani walikuwa wamehamisha boya, na meli za kuziba zikapanda mchanga mahali pasipo. Lakini kwa upande wangu ninachokitazama ni kwamba kiungo cha Chatham kilikuwa baharini usiku huo, chini ya moto, pamoja na zingine zilizozaliwa nzima, na hakuna aliyelazimika kukifikiria.

Ndugu zake wawili hawakupata bahati ya kuungwa. Maori ilizamishwa na bomu la majini karibu na Zeebrugge Mei 1915. Ghurka ilikwenda vivyo hivyo karibu na Dungeness, Februari 1917, wakati Zubian ingali chelezoni. Waliobaki wakauzwa mmoja mmoja vita vilipokwisha. Hakuna jeshi la amani lingewalipia mafuta yao.

Zubian iliuzwa Desemba 1919, ikapelekwa Sunderland kukatwa vyuma. Kutoka Sunderland hadi Hebburn hapafiki kilomita 20. Omo ya Zulu ilirudi karibu kabisa na karakana iliyoiunda miaka kumi iliyopita, na tezi ya Nubian, ya kusini kabisa, ikakatwa huko kaskazini pamoja nayo.