Mwanafunzi wa chuo kikuu, utaifa wake na kisima cha kwao

Jioni pita kwenye vimbweta, yale meza na mabenchi ya saruji ya kujisomea nje, vya chuo kikuu. Mhadhara wa asubuhi ulikuwa wa Kiingereza, na mtihani utakuwa hivyo hivyo. Lakini hapo mmoja anawachambulia wenzake mada nzima kwa Kiswahili, Mchaga, Mmakonde na Mpemba wamekaa bega kwa bega, na ndipo wanaelewa. Kwangu mimi, hilo ndilo somo la utaifa lenye uhai kuliko yote chuoni, na hakuna aliyelipanga.

Wazazi hutuuliza sisi wa chuoni kama utandawazi utawapoteza vijana. Tamthilia za Korea na mapenzi ya Arsenal hayanitishi. Kinachoniumiza ni kijana wa Arusha aliyesomea maji miaka minne, kisha akashindwa kumweleza bibi yake kwamba floraidi ya kisimani ndiyo inayoyapaka meno ya wajukuu rangi ya kahawia.

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti mapya ya utumishi wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), likiwemo la kulipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao. Wengi hukumbuka adhabu hiyo. Mimi hukumbuka zaidi kwamba papo hapo alitangaza kukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Vijana hutazama kwanza mkubwa anajinyima nini.

JKT kwa wahitimu wa kidato cha sita ilisitishwa 1994, ikarejeshwa 2013. Ina faida yake, ila ni ya miezi michache; chuoni kijana anakaa miaka mitatu na zaidi. Kwa hiyo nashauri jambo moja: kila mwanafunzi aliyekusanya takwimu kijijini arudi kuyasoma matokeo, kwa Kiswahili, kwenye mkutano wa kijiji. Wanakijiji hujaza madodoso yetu kwa subira, halafu hawatuoni tena. Hiyo ni dhuluma. Wakisomewa, kuna mzee atauliza mlipima kisima kipi, masika au kiangazi. Aliyenakili ripoti ya mwenzake atakwama palepale.

Nanyi wazazi, mtoto akija likizo mwombeni awaeleze anachosoma. Istilahi zitamsumbua mwanzoni. Msimcheke, mpeni muda, na mkikosa kuelewa mwambieni arudie.