Je, wajua kwa nini mmea wa rangi hugeuka kijani ukiuingiza ndani?

Mmea wa majani manene unaununua ukiwa na ncha nyekundu na majani ya zambarau, unauweka mezani sebuleni, na baada ya wiki kadhaa umekuwa kijani kitupu. Shina nalo limerefuka, majani yameachana. Haujafa, wala hauumwi. Rangi imekwenda wapi?

Rangi ile ni kinga ya jua. Jani hutumia klorofili, ile rangi ya kijani, kunasa mwanga na kujitengenezea chakula. Lakini jua la wazi huleta mwanga mwingi kuliko jani linavyoweza kuutumia, na ziada ile huliunguza kwa ndani. Mimea ya majani manene kama echeveria, kalanchoe na jamaa zao hujikinga kwa kutengeneza anthosayanini, rangi ya wekundu hadi zambarau inayokaa karibu na ngozi ya jani na kuupunguza mwanga kabla haujafika ndani. Mkulima wa mwani wa Paje, Unguja, akishuka pwani hujitanda na kuvaa kofia ya ukili. Akirudi nyumbani huvivua. Mmea nao ukiingia kivulini huacha kutengeneza kinga isiyo na kazi. Hata mshubiri wa uani, ukipigwa na jua la kaskazi na kukosa maji, hupiga wekundu wa kahawia, na ukihamishiwa kivulini hurudi kijani.

Kwa hiyo swali la kutunza rangi ni swali la mwanga kwanza, na hapa ndipo maelekezo mengi ya mtandaoni yanapotupoteza. Yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani Kaskazini, ambao jua lao la mchana hukaa upande wa kusini mwaka mzima. Wao husema: weka chungu dirisha la kusini. Unguja iko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, Pemba nyuzi 5. Kwetu jua la adhuhuri hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Kati ya Machi na Oktoba huegemea kaskazini, miezi iliyobaki kusini, na mara zote liko juu sana, kiasi kwamba upenu mdogo tu unatosha kulizuia lisiingie dirishani. Dirisha linalopata jua la kweli mwaka mzima ni la mashariki, kisha la magharibi. La mashariki mimi naliona bora, maana jua la asubuhi halichomi kama la alasiri.

Nyumba nayo ina mchango wake. Fleti ya juu kule Michenzani, mjini Unguja, mara nyingi hupata mwanga wa kutosha. Nyumba ya Mji Mkongwe ni habari nyingine: kuta nene za mawe na chokaa, kichochoro chembamba, nyumba ya jirani mbele ya dirisha. Zilijengwa zikimbie jua, na zimefaulu. Jicho letu huzoea giza upesi, ndiyo maana tunaona chumba kina mwanga ilhali mmea una njaa. Weka chungu kwenye kizingiti cha dirisha chenyewe, si mezani hatua mbili ndani. Kama nyumba ina ua wa kati au dari la juu lenye uwazi, huko ndiko kwake. Ila usiutoe gizani ukautupa juani siku moja. Kinga yake imekwisha, utaungua, na makovu ya kuungua kwenye jani hayaponi. Anza na saa moja ya jua la asubuhi, uongeze kidogo kidogo kwa wiki mbili tatu.

Kuna jambo moja lisilo na dawa. Wekundu mkali wa kwenye picha za mtandaoni mara nyingi hutokana na jua la mchana likifuatwa na baridi ya usiku, kwa sababu baridi hupunguza kasi ya jani kuutumia mwanga, na kinga huhitajika zaidi. Echeveria nyingi asili yao ni Meksiko, sehemu za milimani. Hapa visiwani hata wakati wa kipupwe usiku kwa kawaida haushuki chini ya nyuzi joto 20. Rangi utaipata, lakini si ile ya picha, na hakuna mbolea itakayoileta. Tena mbolea yenye naitrojeni nyingi huzidisha ukijani.

Maji ndiyo yanayoua zaidi. Mimea hii hufunga matundu ya majani mchana na kuyafungua usiku kuvuta hewa, ili isipoteze maji. Usiku wetu una unyevu mwingi, kwa hiyo maji yanayotoka ni kidogo na udongo hukauka polepole. Usimwagilie kwa kalenda. Nyanyua chungu, kikiwa chepesi na udongo ukikauka mpaka chini, mwagilia mpaka maji yatoke tunduni, kisha uache. Katika masika unaweza kukaa wiki nyingi bila kugusa kopo la maji. Majani ya chini yakiwa laini na kuonesha maji kwa ndani, umezidisha. Yakikunjamana, mmea una kiu.

Udongo uwe wa kupitisha maji: mchanga wa shamba, mboji kidogo, vipande vidogo vya mkaa. Mchanga wa pwani usiutumie, una chumvi. Makumbi ya nazi makavu ya shambani yaliyochanwachanwa yanafaa, lakini si yale yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kusokota kamba. Hayo nayo yamejaa chumvi. Chungu cha udongo kinashinda cha plastiki kwa sababu hupumua. Shina lililokwisha kurefuka halirudi fupi: kata kichwa, kiache kivulini siku kadhaa mpaka kidonda kikauke, kisha ukipande upya.

Si kila rangi hufuata jua, lakini. Kakteo (dungusi) kadogo kenye kichwa chekundu kama mpira hakana klorofili kichwani. Kimepandikizwa juu ya kakteo wa kijani anayekilisha, na kwenye jua kali huungua badala ya kung'aa. Majani yenye mabaka meupe au ya manjano nayo huzaliwa hivyo. Likichipuka tawi la kijani tupu, likate, maana lina nguvu kuliko wenzake na litaumeza mmea. Mingine, niseme tu, imepuliziwa rangi dukani. Kwaruza kwa ukucha utajua.

Na kama chumba chako ni cha giza kabisa, achana na echeveria. Upo mmea wa asili ya pwani hii ya Afrika Mashariki, visiwa vyetu vikiwemo: Zamioculcas, unaouzwa duniani kote kwa jina la kito cha Zanzibar. Huhifadhi maji katika viazi vyake vya chini na mashina manene ya majani, na huvumilia kivuli. Wa kawaida ni kijani, ila kuna aina ambayo majani huchipuka kijani kibichi kisha yenyewe yakawa meusi ya zambarau, hata mbali na jua la dirishani.