Kielezo-h ni nini, na kinatuambia nini kuhusu mtafiti wa ubongo

Fungua ukurasa wa mtafiti yeyote wa magonjwa ya akili kwenye Google Scholar, tovuti ya kutafutia makala za kitaaluma. Pembeni utaona jumla ya marejeleo aliyopata, na chini yake kielezo-h. Vyuo vingi hukitazama hiki cha pili vinapompandisha mtu cheo au kumpa fedha za utafiti, kwa hiyo kinagusa maisha ya watu. Inafaa tujue kinapatikanaje.

Rejeleo ni pale mtafiti mwingine anapoitaja makala yako katika orodha ya marejeleo mwishoni mwa kazi yake. Akikusifu ni rejeleo, akikupinga ni rejeleo, akikutaja kwa kupita tu pia ni rejeleo. Kielezo-h kilipendekezwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Tuseme una makala 5, na zimerejelewa mara 40, 22, 9, 4 na 1. Makala 4 kati ya hizo zimefikisha marejeleo 4 au zaidi, basi h yako ni 4. Ili ifike 5, makala zote 5 lazima ziwe na marejeleo yasiyopungua 5. Ile ya kwanza hata ikipanda kutoka 40 hadi 4,000, h haisogei.

Hapo ndipo namba hii inapowaonea wengine. Mwaka 1949 John Cade, daktari wa akili wa Australia, alichapisha makala fupi katika Medical Journal of Australia akieleza jinsi chumvi ya lithiamu ilivyowatuliza wagonjwa 10 wenye mania, yaani msisimko wa akili uliopita kiasi. Hadi leo lithiamu ni miongoni mwa dawa kuu za ugonjwa wa baipola, ambao humtoa mtu kwenye mania na kumtia kwenye huzuni nzito. Katika hesabu ya h, makala ile ni moja tu, sawa na nyingine yoyote.

Upande wa pili yuko Karl Friston, Mwingereza aliyezaliwa 1959. Alisomea udaktari, akajifunza tiba ya akili na kuhudumia wagonjwa wa skizofrenia Oxford, kisha akahamia London kwenye upigaji picha za ubongo. Picha hizo hutoa maelfu kwa maelfu ya vipimo kwa kila mtu, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 hapakuwa na njia ya pamoja ya kuamua ni sehemu gani ya ubongo imefanya kazi kweli na ipi imetokea kwa bahati. Friston alibuni njia ya takwimu, ikawekwa katika programu ya kompyuta iitwayo SPM, na akaigawa bure kwa wenzake. Maabara zikaichukua. Kila aliyeitumia alipaswa kutaja makala zinazoieleza. Kielezo chake kimepita 200, na mwaka 2016 Semantic Scholar, mfumo mwingine wa kutafutia makala, ulimweka wa kwanza kwa ushawishi kati ya wanasayansi wa ubongo.

Naona alistahili. Lakini tuseme wazi kilichohesabiwa: sehemu kubwa ya marejeleo yake yanatokana na chombo alichowapa wengine. Katika fani hii vyombo hurejelewa kuliko ugunduzi. Kipimo cha sonona alichochapisha Max Hamilton mwaka 1960 kimetajwa mara maelfu mengi kwa sababu hiyohiyo: anayejaribu dawa mpya ya sonona lazima apime kwa kitu.

Na chombo kutumika sana hakukikingi na makosa. Mwaka huohuo wa 2016 Anders Eklund na wenzake walizijaribu SPM na programu nyingine mbili za aina hiyo kwa picha za watu 499 wenye afya. Njia moja maarufu ya uchambuzi ilitarajiwa kukosea, yaani kuonyesha kazi ya ubongo ambayo haipo, kwa asilimia 5 tu. Katika baadhi ya mipangilio ilikosea hadi asilimia 70. Makala hiyo ya ukosoaji nayo ikarejelewa kwa wingi, na ndani yake kazi za Friston zimetajwa, zikaongeza hesabu yake.

Mengine ni ya kukumbuka tu. Kielezo-h hakishuki, kwa hiyo mzee wa fani humpita kijana hata akiwa ameshaacha kuandika. Makala ya watu 60 humpa kila mmoja wao sifa kamili. Google Scholar na Scopus, hifadhidata nyingine ya makala, hutoa namba tofauti kwa mtu yuleyule.

Kuna pia kazi ambayo watumiaji wake hawaandiki makala. Dixon Chibanda, daktari wa akili wa Zimbabwe, alianza mwaka 2006 kuwafunza akina bibi wa Mbare, Harare, wazungumze na watu waliolemewa na mawazo, wakiwa wameketi kwenye benchi nje ya kliniki. Jaribio lililofanyika katika kliniki 24 kwa watu 573, likachapishwa katika JAMA, jarida la tiba la Marekani, mwaka 2016, lilionyesha kuwa dalili zilipungua. Mpango huo umefika hadi Zanzibar. Anayeiga njia hiyo ndani ya makala humwongezea Chibanda rejeleo. Bibi anayeitumia kila asubuhi pale Mbare haongezi hata moja.