Game Freak si tawi la Nintendo, na mengine yasemwayo kuhusu waliobuni Pokémon

"Game Freak ni tawi la Nintendo."

Hili ndilo linalorudiwa kuliko yote kuhusu Game Freak, studio ya Kijapani iliyotengeneza Pokémon, gemu za kukusanya viumbe wa kubuni, na sababu zipo. Gemu zake kubwa husambazwa duniani na Nintendo, kampuni kubwa ya gemu ya Japani, na tangu 2020 ofisi zake ziko Kanda, Tokyo, katika jengo moja na ofisi za Nintendo za jijini humo. Lakini ujirani si umiliki. Game Freak ni kampuni inayojitegemea tangu ilipoundwa mwaka 1989, na gemu yake ya kwanza, Quinty, ilitolewa na Namco. Mwaka 1994, Sega na Nintendo wakiwa mahasimu wa kutupwa, iliitengenezea Mega Drive, mashine ya gemu ya Sega, gemu iitwayo Pulseman. Ikarudi kwa Sega mwaka 2015 na Tembo the Badass Elephant, ambayo haikutoka kwenye mashine yoyote ya Nintendo. Shujaa wake ni tembo, na ndiyo, anaitwa Tembo.

Jina la Pokémon lenyewe lina wenyewe watatu: Nintendo, Game Freak na Creatures, kampuni nyingine ya Kijapani. Hao ndio walioanzisha The Pokémon Company ya kulisimamia.

"Walianza wakiwa mafundi wa kompyuta."

Walianza wakiwa waandishi. Mwaka 1983 Satoshi Tajiri, kijana wa Tokyo, alianzisha jarida la mbinu za kushinda gemu za kumbi za michezo. Aliliandika kwa mkono na kuzibana kurasa kwa pini. Ken Sugimori alilikuta dukani, likamvutia, akaenda kuwa mchoraji wake. Jina la jarida hilo lilikuwa Game Freak. Kadiri walivyochambua kazi za wengine ndivyo walivyoona nyingi ni dhaifu, wakaamua kutengeneza za kwao. Wakosoaji wengi huishia kulalamika. Hawa walikwenda kujifunza jinsi Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo, inavyofanya kazi.

"Pokémon iliwatajirisha mara moja."

Wazo lilianza mwaka 1990. Tajiri, aliyekusanya wadudu utotoni, aliuona waya wa kuunganisha Game Boy mbili, mashine za mkononi za Nintendo, akawaza wadudu wakitambaa ndani yake kutoka mashine moja hadi nyingine. Gemu ilitoka tarehe 27 Februari 1996. Katikati hapo fedha zilikaribia kukauka. Inaelezwa kuwa baadhi ya wafanyakazi waliondoka na Tajiri akawa hachukui mshahara. Studio ilijikimu kwa kazi nyingine, zikiwemo gemu ndogo za Mario walizofanyia Nintendo, hadi mtaji wa Creatures uliposaidia kumaliza kazi.

Ilipotoka, Game Boy ilikwisha kuonekana kizee. Mauzo yalianza taratibu. Kilichoyachochea kwa kiasi kikubwa ni Mew, Pokémon wa siri ambaye Shigeki Morimoto, mtayarishaji programu wa studio, alimpenyeza kwenye nafasi finyu iliyobaki baada ya zana za kusaka hitilafu kuondolewa. Wachezaji walipoanza kunong'onezana juu yake, jarida la watoto la CoroCoro likaendesha shindano la kumgawa kwa washindi 20 tu. Kwa maoni yangu, hakuna tangazo la kulipia ambalo lingefanya kazi kama ule uvumi.

"Gemu za kwanza za Pokémon zilikuwa Red na Blue."

Nje ya Japani, ndiyo. Wajapani walianza na Red na Green.

"Sugimori ndiye aliyewabuni Pokémon wote."

Mkono wake ndio uliowapa sura moja, lakini wabunifu walikuwa kadhaa. Pikachu, Pokémon maarufu kuliko wote, ni kazi ya Atsuko Nishida.

"Pokémon GO na katuni ni zao pia."

Pokémon GO ya 2016 ilitengenezwa na Niantic ya Marekani, na katuni ni ya studio ya OLM. Hata kile kipindi cha Desemba 1997, ambacho mianga yake ilipeleka mamia ya watoto wa Japani hospitalini, hakikutoka Game Freak. Lawama zilimwangukia Porygon, Pokémon aliyekuwa katika kipindi hicho, ambaye hajapewa kisa kingine katika katuni hiyo. Mianga yenyewe ilitokana na radi ya Pikachu.