Sheila hajafa jamani, hesabuni vidole

Jumamosi iliyopita nimemsuka dada mmoja wa Uyole, notilesi ndogo ndogo za kufika kiunoni, kazi ya masaa sita, na kwenye hayo sita karibu mawili yameishia kwenye ubishi wa Sheila Carter, yule mwanamke mbaya wa tamthilia ya Kimarekani ya The Bold and the Beautiful. "We dada, yule alishakufa, huyu wa sasa wamemfananisha tu." Saluni yangu iko Soweto hapa Mbeya mwaka wa tisa huu, tivii haizimwi labda umeme ukatike, na hiyo kauli nimeisikia mpaka nikiisikia tena mkono unakaza wenyewe na anayeumia kichwa ni mteja. Sasa naandika mara moja, akija mwingine nampa simu asome mi naendelea na rasta zangu.

Sheila hajafa. Amezikwa midomoni mwa watu mara nyingi tu ila hajafa.

Wa kwanza atakwambia aliungua na moto. Sawa, huo ni wa 1992, na wala haukuwa kwenye Bold. Sheila kaanzia kwenye tamthilia nyingine, The Young and the Restless, mwaka 1990, mji wa Genoa City, nesi mpole ukimwangalia, kumbe kamwibia mwanamke anaitwa Lauren mtoto wake mchanga akamwekea mwingine wa kununua, yule wa kununua akafariki na Lauren wa watu akalia msiba akijua ni damu yake. Siri ilipobumburuka Sheila akamfungia Lauren kwenye nyumba ya shamba, na mama mzazi wa Sheila humo humo, moto ukawaka, kila mtu akajua kaishia majivuni. Mwaka huo huo mwenzenu katokea Los Angeles, kapata kazi ya unesi kwa kina Forrester, ile familia ya mitindo ya kwenye Bold, mwisho wa siku kaolewa na Eric mwenyewe mwenye kampuni! Ndo maana walioanzia Bold wanadhani kazaliwa pale.

Wa pili ana "ushahidi", Lauren alimpiga risasi 2007. Alimpiga kweli. Ila hiyo sura iliyopigwa risasi ni ya nani? Ni ya Phyllis, mwanamke mwingine wa tamthilia ile ile ya kina Lauren, maana Sheila alikuwa ameshafanyiwa upasuaji afanane naye, kwa hiyo kipindi kile anayemcheza Sheila ni Michelle Stafford, yule yule anayemcheza Phyllis. Halafu 2017 Kimberlin Brown, mwigizaji aliyemcheza Sheila tangu mwanzo, karudi kwenye Bold na uso wake ule ule tunaoujua. Hapa nakiri waandishi walitupiga changa la macho, siwatetei.

Sasa tuje kwenye vidole, na hapa naomba muweke simu chini. 2022 Sheila alimlenga Steffy, mjukuu wa Eric, na bastola, Finn mume wa Steffy akaingia katikati ikampata yeye, mtoto wa Sheila wa kumzaa kabisa, halafu Sheila akampiga na Steffy. Wote walipona. Polisi wakawa wanamsaka, mama wa watu akajikata kidole cha mguu akakitelekeza porini ionekane kaliwa na dubu. Nchi nzima ikaamini dubu. Kuanzia hapo Sheila ana vidole tisa vya miguu, TISA, shika hiyo namba kama namba yako ya siri ya hela kwenye simu.

2024 mwanzoni Steffy kamchoma mtu kisu, wote tukasema leo Sheila kaondoka, maiti ikapelekwa kuchomwa. Deacon anaaga mpenzi wake analia, kutupa jicho miguuni anahesabu vidole kumi. Kumi! Yule aliyekufa ni Sugar, mwanamke aliyebadilishwa sura akawa kopi ya Sheila, na Sheila mwenyewe kakutwa kafungiwa ghalani yuko hai, na mwaka huo huo Deacon kamuoa. Kwa hiyo dada yangu wa Uyole hajakosea kwamba kuna wa kufananisha, kakosea yupi kaenda. Aliyekufa ndo feki.

Mnavyochanganyikiwa najua inatoka wapi, huyu anafuatilia kwenye king'amuzi ambako nchi nyingi zinaonyesha kwa kuchelewa, mwingine anadaka vipande kwenye simu bila mpangilio, mnakutana kwenye kiti changu mmoja yuko kwenye dubu mwingine yuko kwenye harusi. Mi dawa yangu ni moja, ukiniletea habari ya msiba wa Sheila nakuuliza miguu uliiona? Kama hukuiona hatujaanza kuongea.

Haya mengine ni ya haraka. Eti Sheila ndo alimuua Stephanie, mke wa zamani wa Eric: hapana, Stephanie alikufa 2012 kwa kansa ya mapafu. Zamani Sheila alimuwekea sumu ya zebaki, hiyo hiyo wachimbaji wa Chunya wanakamatia dhahabu, ila bibi alipona. Eti tamthilia inaisha msimu huu: msimu upi, ile haina misimu, imeanza tarehe 23 Machi 1987 nusu saa nusu saa siku tano za wiki, mtu wa vurugu kama Sheila wamuue wale nini? Na eti yule mama hata nyumbani kwake ni mchawi: Kimberlin Brown ni mkulima wa parachichi kule California, kama wenzetu wa Rungwe na Njombe, na 2018 aligombea ubunge akashindwa. Mpeni pole ya kura jamani.

Turudi kwa dada wa Uyole. Nikawa nachovya ncha za rasta kwenye maji ya moto, nikamtafutia kile kipande cha Deacon na maiti nikakisimamisha pale pale kwenye miguu. Akaisogeza simu karibu na pua, akaanza kuhesabu kwa sauti, moja, mbili, akafika kumi akanyamaza. Akajifunika kitenge vizuri maana baridi ya Julai unaijua. Halafu akasema kioo cha simu yangu kimepasuka, Jumatano atakuja nimtengeneze mbele, tuangalie kwenye tivii.